Jina Kwenye Kifuniko

Katika maabara yetu kuna sheria moja ambayo nimewafundisha wanafunzi zaidi ya arobaini, na baadhi yao niliwafokea mpaka wakatokwa na machozi. Jina huandikwa kwenye kisahani chenyewe, upande wa chini. Haliandikwi kwenye kifuniko. Kifuniko kinafunguliwa, kinawekwa mezani, kinasahaulika, kisha kinarudishwa mahali pasipo pake. Sheria yenyewe wala haihitaji shule. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga maabara maisha yake yote, aliweka alama ya rangi nyekundu kwenye kitako cha keni zake za maziwa, kwa sababu pale kituo cha maziwa vifuniko vilikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na watu wengine.

Mimi, mwalimu wa watu arobaini, niliandika kwenye kifuniko. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na haraka, wala sikuwa mgeni wa kazi. Niliandika pale kwa sababu nilitaka baba yangu asome.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Shangazi, na jina lilimkaa. Alikuwa haingii zizini mpaka wenzake wote waingie mbele ya macho yake. Mtu akipita bila kumsemesha, anapigwa kikumbo. Ukimuudhi asubuhi, anakupa kisogo hadi jioni. Ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ukoo ambao mama aliuanza na ndama mmoja yatima, aliyemlea kwa chupa jikoni. Mama alipofariki tulikuwa na ng'ombe sita wa ukoo ule. Ugonjwa ukapita na wanne katika msimu mmoja, wa tano akafia uzazini, akabaki Shangazi peke yake. Naye alikuwa na miaka kumi na saba, na mwaka wa tatu ulikuwa unakatika hashiki mimba.

Baba si mtu wa maneno mengi. Baada ya mama kuondoka, hata yale machache aliyokuwa nayo aliyahamishia zizini. Ukipita asubuhi unamsikia akimweleza Shangazi habari za mvua, za majirani, za goti lake. Kaka yangu, anayeishi naye pale nyumbani na ndiye anayekata majani, uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Hazai, hakamuliwi, na anakula kuliko sisi sote," alikuwa akiniambia kwenye simu. "Huyu si wa kufuga tena, ni wa machinjioni. Mwambie baba. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Sikumwambia. Jumapili moja baba mwenyewe ndiye aliyeanza. Tulikuwa tumeketi nje, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama," aliniita. Baba ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi, na tangu nipate akili sijamsikia akiniita vinginevyo. "Hiyo kazi yenu ya kukuza ndama kwenye glasi. Inaweza kumfaa mzee kama huyu?"

Nikamwuliza kama anamaanisha Shangazi.

"Nataka mmoja tu. Awe jike, awe dume, sichagui. Nikishamwona huyo, kaka yako afanye anachotaka. Lakini nisije kufunga zizi la mama yako kwa mikono yangu."

Katika miaka yangu yote arobaini na sita, hicho kilikuwa kitu cha kwanza baba kuniomba. Nilijisikia mtu. Nikamjibu, "Baba, hilo niachie mimi," kwa wepesi wa mtu anayeahidi kuleta sukari.

Kazi yetu ni hii. Kila Jumanne asubuhi mmoja wetu anakwenda machinjioni na chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu. Wachinjaji wanatutupia humo ovari za ng'ombe waliochinjwa siku ile. Maabarani tunazifyonza mayai kwa sindano, tunayaivisha siku moja, tunayachanganya na mbegu za dume, na baada ya siku mbili yale yaliyoanza kugawanyika tunayaweka kwenye visahani yalelewe mpaka siku ya saba. Hapo ndipo shughuli ilipo. Kiinitete cha ng'ombe kikifikisha seli nane kinagoma. Ndani ya tumbo la mama yake kingepata kila kitu. Ndani ya kisahani kinakuta majimaji na upweke, kinakufa.

Mkuu wetu, Daktari, akaja na wazo la seli shina. Unachukua ule ute mzito wa ndani ya kitovu cha ndama aliyezaliwa sasa hivi, unaotesha kutoka humo seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nyama au mfupa au kitu gani. Unazitandika chini ya kisahani, halafu kiinitete unakilaza juu yake. Haziingii ndani yake, haziwi sehemu ya ndama. Zinakaa naye tu, zinamtolea kinachomfaa na kumwondolea uchafu. Mwenzangu wa maabara, dada mmoja tunayemwita Msafi kwa sababu hata sabuni anaifuta, akazibatiza mayaya. Jina likashika.

Wazo lilikuwa la Daktari, sikatai. Lakini mayaya niliwalea mimi. Miaka minne, kila siku ya tatu, sikukuu kwa siku ya kazi, nawabandua sakafuni, nawagawa, nawahamishia chombo kipya kabla hawajabanana. Daktari asingeweza kukuonyesha wanakaa rafu ya ngapi. Yeye alikuwa na kawaida ya kuniita mtaalamu akiwa na shida nami, na kuniita dada nikiwa na shida naye.

"Dada," alisema nilipompelekea habari za Shangazi, "ng'ombe wa miaka kumi na saba? Huyo amekula chumvi kuliko mimi. Lakini kwenye utafiti atapendeza. Tukionyesha mayaya wanasaidia hata mayai ya kizee, watatusoma."

Tukamfyonza Shangazi mayai kumi na manne, akiwa amenigeuzia kisogo muda wote. Kumi yakagawanyika. Kumi! Niliruka pale maabara peke yangu. Nikaenda ofisini kwa Daktari nikiwa na tabasamu, nikatoka bila tabasamu.

"Matano kwenye mayaya, matano bila mayaya," alisema bila kuinua macho. "Na kutoka machinjioni vivyo hivyo. Matano na matano."

"Daktari, yale ya bila mayaya yanakufa. Unajua na mimi najua."

"Tunajua, ila hatujaonyesha. Bila kulinganisha hatuna utafiti, tuna hadithi."

"Hawa ni wa baba yangu. Nipe yote kumi kwenye mayaya. Ya machinjioni linganisha utakavyo."

"Dada, ukianza kuchagua nani alindwe na nani afe, funga maabara ukafuge kuku."

Nikameza. Nilimchukia siku ile, na leo siwezi hata kujifariji kwamba alikosea. Nusu ya Shangazi nikailaza juu ya mayaya, nusu nikailaza mahali patupu, kwa mkono wangu.

Baba alikuja asubuhi ile ile. Alikuwa amevaa koti lake la kwendea shughuli, viatu vimepigwa rangi. Ndani haruhusiwi kuingia mtu, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha la kioo kwenye korido, kofia mkononi, kama yuko hospitali. Nilinyanyua kisahani nimwonyeshe. Aone nini? Kiinitete cha siku mbili hakionekani kwa macho. Alikuwa anatazama maji na kutikisa kichwa kwa heshima, na mimi roho ikaniuma. Nikachukua maka peni nikaandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa, SHANGAZI. Nikasogeza kioni.

Baba alijifunza kusoma ukubwani. Nilimwona akipita herufi moja moja, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alitabasamu, halafu tabasamu likapungua. Aliinua kidole kuelekea kwenye kile kifuniko, akataka kusema kitu, akakishusha. Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Ili meza ifanane nikaandika na vifuniko vingine vitatu. Chini nitaandika baadaye, nilijiambia. Nikamsindikiza baba nje, tukaongea, nikarudi, nikavitia visahani vyote vinne kwenye kabati la joto, na ile baadaye haikuja.

Siku ya nne visahani viwili visivyo na mayaya vilikuwa vimekwisha. Vyote vilikwama kwenye seli nane, cha Shangazi na cha machinjioni. Tukaandika, tukamwaga. Vikabaki viwili vyenye mayaya, vitano huku na vitano kule, vyote vinapumua.

Siku ya tano majimaji hubadilishwa. Nilivitoa vyote viwili ili nisifungue kabati mara mbili, nikafunua vyote viwili, vifuniko nikaviweka pembeni. Simu yangu ikaita mfukoni. Ikakatika, ikaita tena. Mikono yangu ilikuwa kwenye glavu, basi Msafi akaja akaitoa, akaifuta kwa spiriti kwanza, ndipo akaniwekea sikioni.

"Shangazi ameanguka," kaka alisema. "Miguu ya nyuma imekataa. Baba amekaa naye kwenye matope hataki kuondoka. Tufanyeje?"

Nikageukia dirishani nikimwelekeza: aite watu, apitishe kamba chini ya tumbo, wamnyanyue polepole. Dakika tatu, labda nne. Nilipogeuka, mezani kulikuwa na visahani viwili wazi na vifuniko viwili. Kimoja kilikuwa kwenye kitambaa ambacho Msafi alikuwa ametandika upya.

"Umevisogeza?" nikamwuliza.

"Nimefuta tu meza, dada. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Nikavipindua visahani nione chini. Chini palikuwa peupe. Mayaya walikuwa sawa kwa vyote, kwani niliwagawa mwenyewe kwa usawa. Viinitete vilikuwa vitano na vitano, kwa sababu Daktari alitaka mizani isilale. Nilikitazama cha kushoto, nikakitazama cha kulia. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu wa kulia ulifunua kipi. Nikajiambia nakumbuka. Nikafunika, SHANGAZI kushoto, MACHINJIONI kulia, nikarudisha kwenye kabati. Ningeweza kumwambia Msafi, ningeweza kumwambia Daktari. Nilinyamaza kwa sababu wale wanafunzi arobaini walikuja wote kichwani kwa wakati mmoja.

Shangazi alinyanyuka siku ile, lakini daktari wa mifugo wa pale kwetu alisema hatamaliza mwezi.

Siku ya saba nilifika kabla ya watu. Nikakiweka chini ya hadubini kisahani chenye kifuniko cha SHANGAZI. Vyote vitano vilikuwa vimekufa, vyeusi, vimesinyaa juu ya mayaya. Nikakiweka kile cha MACHINJIONI. Vitatu vimekufa, na viwili vizima, vimejaa, vizuri kuliko nilivyowahi kuona miaka minne yote.

Nilikaa pale nikiangalia. Ndipo nikaanza kujihubiria. Kwani siku ya tano ulikuwa na uhakika? Hukuwa nao. Basi huenda ulikosea. Kama ulikosea, hivi viwili ndivyo vya Shangazi, na ukiviacha chini ya jina la machinjioni utakuwa umemnyang'anya baba yako haki yake. Unaona akili ya mtu aliyesoma inavyofanya kazi. Nilijua kwamba mayai ya kizee ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kufa. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nikavibadilisha vifuniko.

Daktari alipoingia nilimtazama kwa macho makavu, nikamwambia, "Viwili vya Shangazi vizima."

Akaniita mtaalamu.

Siku hiyo hiyo tulikwenda nyumbani kuviingiza kwenye mtamba aliyeazimwa kwa jirani. Daktari alifanya kazi ile vizuri, kwa dakika chache, kisha akanawa mikono akamtazama Shangazi. Alikuwa amesimamishwa kwa kamba mbili zilizofungwa kwenye boriti, macho yamefifia, ila alipomwona Daktari akajikokota akampa kisogo. Kaka alicheka. Hata baba alicheka.

"Mzee," Daktari alisema, "mtaalamu wenu amefanya kazi kubwa. Ila hivi viwili si lazima vishike. Huyu tunaweza kumfyonza mayai mara moja tena wiki ijayo, kabla hajaondoka. Tukiyapata, safari hii nitamruhusu ayaweke yote kwenye mayaya."

Yote kwenye mayaya. Kile nilichomlilia wiki moja kabla, sasa anakitoa bure, mbele ya baba.

Baba hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Mama, yaliyomo yanatosha? Maana sitaki achomwe tena kama hakuna sababu. Amechoka."

Kusema hapana kulihitaji sababu, na sababu nilikuwa nayo moja tu. Daktari alikuwa ananitazama, kaka ananitazama, Shangazi peke yake ndiye hakunitazama.

"Yanatosha, baba," nikasema.

"Basi," alisema. "Amemaliza kazi yake."

Walimpeleka Jumatatu, akachinjwa Jumanne alfajiri. Zamu ya machinjioni ilikuwa yangu, nikamwomba Msafi aende badala yangu, nikisingizia kichwa. Alirudi na chupa imejaa mpaka shingoni, ovari za ng'ombe kumi na tisa zikielea kwenye maji ya vuguvugu. Nilizimimina kwenye sinia. Mbili kati ya zile thelathini na nane zilikuwa za Shangazi. Sikuzijua. Niliziosha zote, nikazifyonza zote, na mayai yote nikayaandikia MACHINJIONI, safari hii chini ya kisahani, kwa mwandiko mzuri.

Mtamba alishika mimba moja. Ndama alizaliwa salama, jike, rangi ya kahawia. Baba alimwita Mjukuu. Alipiga simu mwenyewe, yeye ambaye huwa anasubiri apigiwe, akasema ana macho ya Shangazi. Nilipokwenda kumwona niliyatafuta macho ya Shangazi nikaona macho ya ndama. Jioni ng'ombe wa jirani walipokuwa wanarudi, Mjukuu alikurupuka akaingia zizini wa kwanza, mbele ya wote.

"Atajifunza," baba alisema.

Kwa mwaka mzima nilikula naye, nikacheka naye, nikamsikia akiwaeleza wageni jinsi binti yake alivyomtoa ndama kwenye ng'ombe aliyekwisha. Kila mgeni alinitazama kwa heshima, na kila mara nilitamani ardhi inifiche. Halafu jarida alilopelekea Daktari utafiti wake likajibu. Walipenda kazi. Walitaka kitu kimoja: uthibitisho kwamba ndama yule ni wa ng'ombe yule. Nywele chache za mtoto na nywele chache za mama.

Baba alikuwa ameomba mkia wa Shangazi kwa wachinjaji, akaukausha, akautundika juu ya mlango. Aliushusha mwenyewe.

"Kwani wana shaka?" aliuliza.

"Ni utaratibu tu."

"Ng'oa unazohitaji. Usiumalize."

Ningeweza kuchezea na zile bahasha pia. Nilifika mpaka kuziweka mbele yangu na kufikiria. Lakini nilikuwa nimechoka na vifuniko. Nikapeleka nywele kama zilivyo, na majibu yakarudi baada ya wiki sita: hakuna uhusiano wa mama na mtoto.

Daktari aliniita ofisini, karatasi iko mezani. Nilimweleza yote, simu, meza, siku ya saba. Nilitegemea anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze. Alisikiliza huku akipekua majedwali yake, akapiga hesabu kwa kalamu, kisha akaegemea kiti.

"Vifuniko," alisema.

"Vifuniko."

Akaangua kicheko. "Dada, umenitisha bure. Vilivyokuwa kwenye mayaya ni kumi, vilivyofika mwisho ni viwili. Viwe vya nani, kumi ni kumi na viwili ni viwili. Mayaya wamefanya kazi yao. Yule bibi namwondoa kwenye utafiti, naandika wote ni wa machinjioni. Haina shida kabisa."

Haina shida kabisa. Nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya sindano iliyovunjika na umeme uliokatika. Nilitoka pale nikiwa na kazi yangu, na jina langu likiwa la tatu kwenye utafiti, na sina mtu wa kumchukia isipokuwa mimi.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani. Baba alikuwa uani, ameinama kwenye beseni, anasugua keni ya zamani ya mama ambayo sasa ni ya kumnyweshea Mjukuu. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mama." Nikakaa kwenye kigogo mbele yake, nikapiga moyo konde.

"Baba, Mjukuu si wa Shangazi."

Aliendelea kusugua. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, nisije nikaacha hatua. Ndama alikuja akamnusa begani, baba akamsukuma taratibu kwa kiwiko. Nilipomaliza, aliipindua keni akaiinamisha juani ikauke. Ile alama nyekundu ya mama ilikuwa bado ipo kwenye kitako.

"Siku ile pale kioni," alisema, "niliona umeandika kwenye kifuniko."

Niliitazama ile alama.

"Nikataka kukwambia. Mama yako angekuchapa mkono. Halafu nikajiambia, tulia mzee, huyu amesoma, wenyewe wana namna yao."

"Ungesema tu, baba."

"Ungenisikia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini najijua. Ningecheka na yeye kupitia kioo, ningemwambia baba, haya si maziwa. Nikainamisha kichwa.

"Kifuniko mtu yeyote anakosea," baba alisema. "Hata mama yako kabla hajaanza kupaka rangi alikuwa anapotezewa." Alijifuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Lakini nilikuuliza. Shangazi akiwa hai, amesimama pale. Nilikuuliza yanatosha."

"Nilikudanganya, baba."

"Kifuniko nilikiona," alisema. "Hilo sikuliona."

Hakufoka. Laiti angefoka. Alichukua majani akamwekea ndama, akamkuna shingoni, akamwita Mjukuu vile vile, kwa sababu mnyama hakumkosea mtu. Kaka alitoka ndani akatuuliza mbona tumenuna, baba akamwambia hakuna kitu, aende akachote maji. Tulikunywa chai sote watatu. Aliniuliza habari za kazi. Nilipoaga alinisindikiza mpaka getini kama kawaida yake, akanifungulia komeo, akasubiri nipite.

"Nenda salama, mtaalamu," alisema.

Nilimtazama nikidhani ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa amelichukua neno la Daktari na kunipa kwa heshima yote, kama anavyompa mgeni kiti. Miezi saba imepita. Nikimpigia simu anapokea, ananijulia hali, ananieleza Mjukuu amekua na jirani anataka kumpandisha. Hajaniita mama tena.